Simu Si Rubani: Historia ya Uzi Usioonekana Kati ya Droni na Mkono Wako

Nilizamisha droni ya mtu ziwani. Hadi leo kuna wasee Mbita wakiniona wanauliza kama samaki wameshaanza kupiga video.

Wacha nieleze vile ilienda, kwa sababu makala hii yote imetoka hapo. Tulikuwa kwenye mashua kati ya Mbita na kisiwa cha Takawiri. Mteja alitaka video ya wavuvi wakirudi na omena asubuhi, jua likichomoza nyuma yao. Droni nilikuwa nimeikodi kwa rafiki. Nikairusha kutoka kwenye mashua yenyewe, ikapanda vizuri, picha safi kabisa. Baada ya dakika chache, skrini ya simu ikawa nyeusi tii.

Nikaingiwa na baridi. Nikaanza kuchezea ule waya wa simu, kuuchomoa, kuuchomeka, kuzima simu, kuwasha simu. Katikati ya hiyo vurugu nikabonyeza kitufe cha kuirudisha droni nyumbani. Na droni, kwa utiifu wote, ikarudi nyumbani. Shida ni kwamba "nyumbani" kwake ni pale ilipopaa, na mashua haikuwa pale tena. Upepo ulikuwa umetusukuma. Ikaenda kusimama juu ya maji, mita kama themanini hivi kutoka kwetu, ikashuka taratibu, kwa heshima zote, ikaelea kidogo, halafu ikaenda.

Jaduong' aliyekuwa anaendesha mashua alinyamaza kwanza. Halafu akaniuliza: "Nyathina, si ulikuwa unaiona kwa macho? Mbona hukuiita?"

Nikamwambia simu ilizima. Akaniangalia vile mzee huangalia mtoto aliyesema amefeli mtihani kwa sababu ya kalamu.

Ilinichukua muda kukubali kwamba swali lake lilikuwa sawa kuliko jibu langu. Simu ilizima, ndiyo. Lakini rimoti ilikuwa mkononi mwangu, betri imejaa, droni iko mbele ya macho yangu, na vile vijiti viwili vilikuwa vinafanya kazi. Ningebonyeza kile kitufe tena kusitisha safari, niilete kwa macho hadi juu ya mashua. Kilichokufa kilikuwa dirisha tu. Uzi wenyewe ulikuwa hai, na mimi sikujua tofauti.

Nimelipa hiyo droni kidogo kidogo kwa miezi. Na nikiwa nalipa, nikaanza kusoma: huu uzi usioonekana ulitoka wapi? Nani aliamua simu iwe wapi? Nilichopata kimebadilisha vile ninarusha, na nadhani kitakuokolea doh yako kabla hujanunua ya kwanza.

Uzi ni miwili

Ukishika droni ya kawaida ya video, ile ya mpigapicha wa harusi pale Rongo au Oyugis, uko na mashine tatu na viunganishi viwili.

Kiunganishi cha kwanza ni kati ya rimoti na droni. Hicho ni redio, kwenye masafa ya gigahezi 2.4 au 5.8. Amri zako zinapanda, na picha pamoja na habari za betri, kimo na mahali droni ilipo zinashuka. Kiunganishi cha pili ni kati ya rimoti na simu. Mara nyingi huu ni waya wa kawaida. Simu inapokea picha ambayo rimoti tayari imeshapokea, inakuonyesha, na inakuwezesha kugusa mipangilio ya kamera. Yaani kwenye droni za aina hii simu ni skrini yenye akili. Haishiki droni.

Kila wiki mtu huniuliza: droni inakula bando ngapi? Kuruka kwenyewe hakuli hata MB moja. Intaneti unaihitaji ukiweka programu, ukiiwasha droni rasmi mara ya kwanza, na ukipakua ramani na masasisho. Baada ya hapo hakuna mnara wa simu unaoshikilia droni yako hewani. Unaweza kuwa kwenye bonde ambalo hata ujumbe mfupi haupiti na bado ukaruka fiti. Na kinyume chake ni kweli pia: unaweza kuwa na 4G imejaa katikati ya Migori mjini na droni ikapotea juu ya kichwa chako.

Na ule waya wangu? Ulikuwa wa bei ya chini kutoka kwa kibanda. Waya nyingi za aina hiyo ndani yake zina njia ya umeme tu. Simu itachaji, lakini data haipiti. Wangu ulikuwa na njia zote mbili ila ulikuwa umekatika ndani, ukitikiswa kidogo picha inaenda. Droni nzima imelala chini ya Nam Lolwe kwa sababu ya waya wa shilingi mia, na kwa sababu mimi niliamini waya huo ndio uliokuwa umeishika.

Ulianzia kwenye maji

Stori hii, kumbe, nayo ilianzia kwenye maji. Mwaka wa 1898, kwenye maonyesho ya umeme pale Madison Square Garden, New York, Nikola Tesla aliweka mashua ndogo ya chuma ndani ya bwawa na kuiongoza bila waya wowote. Igeuke, ikageuka. Iwashe taa, ikawasha. Kumbuka wakati huo redio yenyewe ilikuwa changa sana. Heinrich Hertz alikuwa amethibitisha mawimbi hayo maabara miaka kama kumi tu kabla, na Marconi alikuwa ndiyo anaanza kutuma ishara. Inasimuliwa kwamba watazamaji wengine walisema ni uchawi, wengine wakasema kuna tumbili amefichwa ndani.

Usiwacheke. Nimewahi kurusha kwenye matanga kule Karachuonyo na nikasikia maneno yanayofanana na hayo.

Mashua ya Tesla ilizaa maswali mawili ambayo historia yote iliyofuata imekuwa ikijaribu kuyajibu. La kwanza: kifaa kitajuaje kwamba anayekiita ni wewe, si mtu mwingine? La pili: kama hewa ni moja, tutagawana vipi bila kuingiliana?

Wanajeshi waliona faida haraka. Waingereza walijaribu ndege za kuongozwa kwa redio tangu Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka wa 1935 wakawa na Queen Bee, ndege ya kufanyia mazoezi ya shabaha, inaruka bila mtu ndani. Wengi wanaamini jina la droni lilitokea hapo. Kwa Kiingereza neno hilo ni nyuki dume, na ndege ile iliitwa malkia wa nyuki.

Lakini swali la pili liliendelea kusumbua miaka mingi. Waliokuwa wakirusha ndege ndogo za kuchezea Ulaya na Marekani walitumia masafa kama megahezi 27, 35 au 72, na kila rimoti ilikuwa na chaneli yake. Wawili wakiwasha rimoti za chaneli moja, ndege inasikia sauti mbili kwa mpigo, inachanganyikiwa, inaanguka. Suluhisho lao lilikuwa la kijijini kabisa: ubao wenye vibanio. Kibanio kimoja kwa chaneli moja. Ukitaka kuruka unachukua kibanio chako. Kama hakipo, mtu mwingine anakitumia, wewe ngoja. Hewa iligawanywa kwa vibanio vya nguo, na ilifanya kazi.

Mwigizaji, mpiga piano na jiko

Jibu bora lilikuwa limeshaandikwa zamani, na mtu ambaye hakuna aliyemtarajia. Agosti 1942, mwigizaji wa filamu Hedy Lamarr na mtunzi wa muziki George Antheil walipata hataza Marekani ya mfumo wa kuongoza kombora la majini bila adui kuliziba mawimbi yake. Wazo lao: badala ya kukaa kwenye masafa mamoja, mtumaji na mpokeaji wanaruka pamoja kutoka masafa hadi masafa kwa mpangilio ambao wao tu wanaujua. Walipendekeza masafa 88, kama vibonyezo vya piano, kwa sababu Antheil alikuwa mtu wa piano. Jeshi la majini halikuutumia mfumo huo kwenye vita vile. Lakini ukisikiliza muziki kwa spika ya Bluetooth leo, wazo la kurukaruka masafa liko ndani yake.

Kisha ikaja siku ambayo, kwangu, ndiyo muhimu kuliko zote kwenye hii historia, na haina hata picha nzuri ya kuweka kwenye video. Mwaka wa 1985, tume ya mawasiliano ya Marekani iliruhusu watu kutumia masafa fulani bila leseni ya redio, mradi watumie mbinu za kusambaza mawimbi ili wasiumizane. Masafa hayo yalikuwa ya takataka, kusema ukweli. Ndipo majiko ya mikrowevu na mashine za viwandani zilikuwa zikipiga kelele zao. Mojawapo ni gigahezi 2.4. Nyingine ni 5.8.

Kutoka kwenye hiyo takataka ikatoka Wi-Fi. Kiwango cha kwanza kilitangazwa 1997, jina lenyewe likaja 1999. Bluetooth nayo ikakaa hapo hapo. Na kwenye miaka ya 2000 watengenezaji wa rimoti za ndege ndogo wakahamia huko pia: rimoti mpya zinachagua chaneli zenyewe, zinaruka zikizibwa, na zinapeana namba ya siri na kipokezi chake mara moja tu, kama ndoa. Baada ya hapo droni haisikii mtu mwingine. Vibanio vya nguo vikapumzika.

Kwa hivyo maswali yote mawili ya Tesla yakapata jibu. Kifaa kinajua ni wewe, kwa sababu mmefungishwa. Na hewa inagawanywa kwa kurukaruka na kupishana.

Lakini shikilia hiyo sehemu ya "hewa ya wote". Tutaihitaji.

Simu ilipopewa usukani

Hadi hapo kuna mito miwili inayotiririka mbali mbali. Mmoja ni wa rimoti, kutoka kwa Tesla. Mwingine ni wa Wi-Fi, kutoka ofisini na nyumbani. Januari 2010 ikakutana. Kampuni ya Kifaransa, Parrot, ilionyesha AR.Drone kule Las Vegas. Haikuwa na rimoti. Droni ilitengeneza Wi-Fi yake yenyewe, unaunganisha iPhone kama vile unavyoingia kwenye hotspot ya rafiki, halafu unainamisha simu na droni inainama.

Na haikuwa bahati tu. Simu janja ndizo zilizoshusha bei ya vile vihisio vidogo vinavyojua kama kifaa kimeinama au kimezunguka. Kihisio kinachogeuza picha ukilaza simu ni ndugu wa kihisio kinachofanya droni isipinduke. Simu ilileta mwili wa droni, sasa ikaja pia kuwa rubani wake.

Tatizo likaonekana haraka: umbali wa AR.Drone ulikuwa kama mita 50. Ukizidi hapo, uzi unachoka.

Kwa nini? Kwa sababu Wi-Fi ilitengenezwa kuwa mazungumzo. Kila kipande cha data kikifika, mpokeaji anasema "nimepata". Kisipofika kinatumwa tena. Kifaa kikisikia wengine wanaongea kwenye chaneli, kinangoja zamu. Hiyo ni tabia nzuri sana ukipakua faili. Lakini ukiwa unarusha kitu kuelekea mti, hutaki picha ya sekunde mbili zilizopita ikiwa imekamilika. Unataka ya sasa hivi, hata kama ina madoa.

Angalia basi vile kampuni zilianza kuipokonya simu usukani hatua kwa hatua. Januari 2013, DJI ya Shenzhen, iliyoanzishwa 2006 na Frank Wang, ikatoa Phantom. Hiyo ilikuwa na rimoti ya kweli, na kamera ulifunga yako mwenyewe. Baadaye mwaka huo huo wakatangaza Phantom 2 Vision, na hapo ona ujanja: amri za kuruka zilipita masafa ya 5.8 kutoka kwenye rimoti, na picha ilipita Wi-Fi ya 2.4 kwenda kwenye simu, kupitia kisanduku kilichobanwa kwenye rimoti. Mambo mawili, barabara mbili. Picha ikikwama, ndege bado unayo.

Halafu wakaja na Lightbridge, mfumo uliotupa tabia ya mazungumzo na kufuata tabia ya matangazo. Fikiria Radio Ramogi ikisoma matangazo ya vifo. Mtangazaji hangoji wewe useme umesikia. Anaendelea, na kama mvua imekula neno moja, utalikisia. Picha ya droni ikaanza kushuka hivyo hivyo, na simu ikafungwa kwa waya kwenye rimoti. Septemba 2016 Mavic Pro ikaja na OcuSync, ikitangazwa kufika kilomita 7.

Wi-Fi haikufa. Mavic Mini ya Oktoba 2019, ile ya gramu 249, ilitumia Wi-Fi kati ya rimoti na droni. Mwaka mmoja tu baadaye Mini 2 ikahamia OcuSync. Na kufikia 2022 unaweza kununua droni ndogo pamoja na rimoti yenye skrini yake yenyewe. Simu hata haihitajiki.

Unaona hiyo safari? 2010 simu ni rubani. 2016 simu ni dirisha. 2022 simu inaweza kubaki mfukoni. Miaka kumi na mbili ya wahandisi wakigundua, kwa pesa nyingi, jambo ambalo jaduong' alinieleza kwa swali moja.

Sasa rudi dukani

Na hapa ndipo nina neno na wewe unayeweka akiba. Mtandaoni na kwenye maduka yetu kuna droni za bei poa, kwenye boksi imeandikwa 4K na picha ya mtu anarusha kwa simu. Nyingi ya hizo ni teknolojia ya 2010 ndani ya plastiki mpya. Picha inakuja kwa Wi-Fi ya kawaida hadi kwenye simu yako moja kwa moja. Si mbaya kujifunzia nyumbani. Lakini mtu anazinunua akidhani ameanza biashara, anaenda kwenye harusi ya kwanza, na picha inaganda mbele ya maharusi.

Hiyo harusi yenyewe ni mtihani. Watu mia tatu, kila mmoja na simu, hotspot zimewashwa, na yule wa kurusha matangazo mubashara naye ana Wi-Fi yake. Wote wako kwenye ile hewa ya takataka ya 1985. Ni hewa ya wote, na ndiyo maana hulipi masafa, lakini ndiyo maana pia hakuna aliyekuahidi nafasi. Kila mtu aliyealikwa ni jirani yako wa redio.

Kwa hivyo uliza maswali mawili dukani. Picha inafika kwenye simu kupitia rimoti, au inatoka kwenye droni moja kwa moja? Na simu ikizima, vijiti bado vinafanya kazi? Kama muuzaji hajui, umeshapata jibu.

Na ile namba ya umbali kwenye boksi, isome polepole. Mini 2 ilitangazwa kilomita 10 kwa kanuni za Marekani na 6 kwa kanuni za Ulaya. Droni ni ile ile. Tofauti ni nguvu inayoruhusiwa kurushwa: Ulaya kwenye 2.4 mwisho ni miliwati 100. Hiyo ni nguvu kidogo kuliko taa ndogo ya tochi, na ndiyo imebeba droni yako. Zote mbili zinapimwa mahali wazi pasipo na kelele. Got Asego haipo kwenye hesabu zao. Ukiwa upande mmoja wa kile kilima na droni ikazunguka upande wa pili, uzi unakatika, haijalishi boksi linasema nini, kwa sababu mawimbi haya hayapiti mwamba. Mabati pia huyarudisha. Mwili wako, ambao mwingi ni maji, huyanyonya, ndiyo maana ukiigeuzia droni mgongo alama za mawasiliano zinashuka. Na ziwa likitulia huwa kama kioo: ukiruka chini sana juu ya maji, mawimbi yanafika mara mbili, ya moja kwa moja na yaliyogonga maji, na yanaweza kuzibana yenyewe kwa yenyewe.

Ziwa hili limeshaona makubwa

Kuna watu huniambia mambo haya ni ya wazungu, sisi tupige picha tu. Maze, hapana. Historia ya uzi huu ina kurasa zake kwenye ziwa hili hili.

Mwaka wa 2018, upande wa Tanzania, DHL, kampuni ya Kijerumani ya Wingcopter na shirika la GIZ walitangaza matokeo ya majaribio ya kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe. Kilomita 60 juu ya maji, dakika kama 40. Ukiangalia ramani, ni maji yale yale yanayopiga Muhuru Bay na Mbita. Rwanda ilianza mapema zaidi, Oktoba 2016, Zipline ikipeleka damu kutoka kituo cha Muhanga. Sasa kampuni hiyo ina kituo hapa kwetu Chemelil, Kaunti ya Kisumu, na ndege zake zinaangusha vifurushi vya dawa kwa parachuti.

Ndege hizo zinafundisha kitu. Hakuna mtu ameshika vijiti njia yote. Njia imewekwa kabla, kompyuta iliyo ndani inaifuata kwa GPS, na binadamu anasimamia kwa mbali. Yaani mashine inayoaminiwa kubeba damu ya mgonjwa haitegemei uzi wa mkono kila sekunde. Inajua la kufanya uzi ukikatika. Droni yako ndogo nayo inajua: inapaa hadi kimo ulichoweka na kurudi ilipoanzia. Kama hukuweka kimo cha kuzidi miti na milingoti, au kama ulipaa kutoka kwenye mashua, ujue umeipa maagizo mabaya kabla hata haijaruka. Kosa langu lilitokea nikiwa bado sijawasha mapanga.

Halafu kuna mpaka. Ukienda Isebania au Muhuru Bay, simu yako inaweza kukukaribisha Tanzania ukiwa bado unakunywa chai Kenya. Mawimbi hayana kitambulisho. Lakini wewe unacho, na droni pia. Kuivusha mpaka kwa hewa ni jambo zito, na ziwa letu halina ukuta wa kukukumbusha. Uliza wavuvi wa Migingo vile mpaka wa majini unavyouma.

Kibali nacho ni uzi

Hapa lazima nikiri. Siku ile ya Takawiri sikuwa na leseni. Nilijiambia ni kijidroni kidogo, nani ataniona huko majini.

Kenya ilichelewa kwenye hili. Miaka mingi droni zilikuwa kama zimepigwa marufuku bila ruhusa maalum, kanuni zilizotungwa 2017 zikakataliwa bungeni, na ni mwaka wa 2020 ndipo tukapata kanuni zinazofanya kazi, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Unasajili droni, unasomea leseni ukitaka kufanya kazi, unakaa chini ya futi 400, na unaiweka mahali unaiona kwa macho isipokuwa umepewa ruhusa nyingine. Mbuga kama Ruma, au kuta za mawe za Thimlich Ohinga kule Migori ambazo ziliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka wa 2018, si mahali pa kufika tu na kurusha. Unaomba wenyewe kwanza.

Tunalalamika ada ni ghali na safari ni ndefu, na hiyo ni kweli. Kijana wa Ndhiwa kupata mafunzo si sawa na kijana wa Nairobi, na kaunti zetu mbili zingeweza kufanya kitu hapo. Nataka hilo lisemwe. Lakini ile sheria ya kuiona kwa macho, ambayo sisi huikejeli sana, ndiyo historia yote hii kwa sentensi moja. Skrini inaweza kudanganya, kuganda au kuzima. Macho yako ndiyo kiunganishi cha tatu, na hayajawahi kuhitaji waya.

Wale wa zamani walichukua kibanio kutoka ubaoni kabla ya kuwasha rimoti. Ilikuwa njia ya kusema: najua kuna wengine hewani. Leo mashine inatufanyia hiyo adabu, tumesahau kuwa ni adabu. Kabla sijaruka sasa, naangalia waya, naweka kimo cha kurudi, naangalia nani mwingine yuko hewani, kisha naizima skrini kwa makusudi na kuirusha dakika moja kwa macho tu. Jaribu hivyo mahali wazi, chini, karibu nawe. Ukiweza kuileta nyumbani bila simu, basi wewe ni rubani.

Mwezi uliopita nilirudi Mbita na droni nyingine, iliyosajiliwa, nikaruka kutoka nchi kavu. Jaduong' alikuwa pale ufuoni anashona nyavu. Ilipotua miguuni mwangu aliiangalia, akaangalia simu yangu iliyokuwa imezimwa, akasema, "Leo umeiita."